Kuchagua kiwanda cha bunduki ya uwindaji: mwongozo kwa mnunuzi wa Uganda

Swali linalorudi kila mara ni hili: kiwanda gani kinatengeneza bunduki nzuri ya nusu-otomatiki? Kwa raia wa Uganda, swali hilo linakwama kabla halijafika kiwandani. Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo, ambayo Uganda ni mwanachama wake, inazitaka nchi zake zipige marufuku kabisa raia kumiliki na kutumia bunduki ndefu za otomatiki na za nusu-otomatiki. Muuzaji anayekuambia "hiyo nitakupangia" anakupangia kesi. Kinachobaki kwa mwindaji mwenye kibali, mwenye shamba la mifugo au mwongoza wageni wa uwindaji ni bunduki ya bolti: mkono wako ndio unaotoa ganda na kusukuma risasi nyingine chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi. Mwongozo huu ni wa hiyo. Macho ya kupimia kiwanda ni yale yale.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza, kiwanda baadaye

Chini ya Sheria ya Silaha ya 1970, polisi ndio wanaotoa cheti cha kumiliki bunduki, na ruhusa ya kuiingiza nchini ni karatasi nyingine peke yake. Nenda na maelezo kamili: aina ya bunduki, kaliba (ukubwa na aina ya risasi yake), na kazi yake. Omba jibu la maandishi. Usilipe hata arubuni kabla ya hapo, kwa sababu mlolongo wenyewe hauruki: nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu silaha itoke mpaka zione kibali cha kuingiza kutoka nchi inakokwenda, na Marekani nayo hudai leseni ya kuuza nje ambayo masharti yake yamebadilishwa mara kadhaa miaka ya karibuni. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa kwa wakala wa kiwanda chochote si bei. Muulize: leseni ya kutoa bunduki hii kwenu inaombwa na nani, na mara ya mwisho mlituma Afrika Mashariki lini? Akigugumia, pita.

Tena, cheti cha bunduki si ruhusa ya kuwinda. Uwindaji wa michezo ulifungwa Uganda mwaka 1979, ukafunguliwa tena kwa majaribio mwaka 2001 kwenye mashamba yanayozunguka Ziwa Mburo, na hadi leo unakwenda kwa mgao chini ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Ukishajua utawinda wapi na mnyama gani, ndipo kaliba inajulikana.

Hatua ya 2: Mnyama achague kaliba, kaliba ichague kiwanda

Kwa impala, nyamera na ngiri, .308 Winchester au .30-06 inatosha sana, na karibu kila kiwanda duniani kinazitengeneza. Hapo una uhuru wa kuchagua. Kwa nyati mambo hubana. Kaliba ambayo wawindaji wengi wa Afrika huihesabu kuwa ya chini kabisa kwa nyati ni .375 H&H Magnum, risasi ya Kiingereza ya mwaka 1912 inayosukuma kichwa cha gramu 19.4 kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde.

Mtego uko kwenye urefu. Risasi ya .308 ina urefu wa milimita 71, ya .30-06 karibu 85, na ya .375 H&H inafika 91.4. Kiwanda kinachotaka kupunguza gharama huchukua mwili wa bunduki (chuma ambamo bolti husogea) uliochorwa kwa .30-06, kikachonga hapa na kupanua pale mpaka .375 iingie. Inaingia, ndiyo. Lakini chuma kilichochongwa ni kile kile kinachoshikilia meno ya bolti, na magazini inabana kiasi kwamba risasi yenye kichwa kirefu kidogo inagusa ukuta wa mbele. Uliza kama mwili wa bunduki hiyo ulitengenezwa kwa urefu wa magnamu, yaani risasi ndefu kama hiyo ya .375, tangu mwanzo. Mauser M98 Magnum na CZ 550 ya magnamu ziko hivyo. Wengine wanakwepa tatizo kwa kubadilisha risasi yenyewe: Ruger, kwa mfano, walishirikiana na Hornady, watengenezaji wa risasi, kutoa .375 Ruger, fupi zaidi, inayoingia kwenye mwili wa kawaida. Ni ufumbuzi mzuri wa kihandisi, ila jiulize utaipata wapi risasi hiyo ukiwa Mbarara na boksi limebaki na tatu.

Hatua ya 3: Jina lililoandikwa si lazima liwe kiwanda

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupigwa chenga. Winchester ni jina la kampuni ya Olin. Kiwanda cha New Haven kilichotengeneza Model 70 kilifungwa mwaka 2006, na tangu hapo bunduki hiyo inatoka kwenye viwanda vya kundi la FN la Ubelgiji: kwanza South Carolina, siku hizi Ureno. Si ubaya, nyingi za sasa zimechongwa vizuri kuliko za miaka ya mwisho ya New Haven. Lakini anayekuuzia "Winchester ya Marekani" na bei ya kumbukumbu, mwambie ageuze mtutu tusome pamoja ilikotengenezwa.

Remington ni funzo kali zaidi. Kampuni iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2018, ikaomba tena 2020, ikauzwa vipande vipande: risasi zikaenda kwa mmiliki mmoja, bunduki kwa mwingine. Kiwanda cha zamani cha Ilion, New York, kikafungwa 2024. Anayenunua jina hanunui lazima na deni la dhamana ya zamani. Bunduki iliyotoka mwaka 2010 na iliyotoka mwaka 2023, zote zimeandikwa jina moja, si watu wale wale wanaozisimamia.

Upande wa pili kuna majina mawili yaliyo nyumba moja. Tikka na Sako hutoka Riihimäki, Finland, chini ya Beretta. Mitutu ya Tikka inatengenezwa na watu wale wale wa Sako, na akiba yako inabaki mfukoni. Tofauti ipo kwenye bolti na umaliziaji.

Andika kwenye karatasi mambo manne kwa kila bunduki unayoifikiria: jina, kiwanda halisi na nchi yake, mwenye kampuni leo, na kama modeli hiyo bado inatengenezwa. CZ 550, inayopendwa sana kwa nyati, haitengenezwi tena. Ukipata iliyotunzwa nunua, ila nunua na vipuri vyake siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Soma mihuri ya majaribio

Nchi zilizo kwenye mkataba wa CIP, tume ya kimataifa ya majaribio ya silaha, zikiwemo Ujerumani, Ucheki, Finland, Italia, Ubelgiji, Ufaransa na Uingereza, zinalazimisha kila bunduki ya raia ipigwe kwa risasi ya shinikizo kubwa katika nyumba rasmi ya majaribio kabla haijauzwa. Kwa .375 H&H shinikizo la juu linaloruhusiwa ni baa 4,300, na risasi ya jaribio huzidi hapo kwa robo nzima, yaani kama baa 5,375. Bunduki ikipita hupigwa muhuri kwenye mtutu, kwenye mwili na mara nyingi kwenye bolti. Mihuri ya Kijerumani ina tai, ya Kicheki ina simba, na herufi N humaanisha imejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi.

Marekani haina nyumba rasmi ya namna hiyo; viwanda hujijaribu vyenyewe kwa viwango vya SAAMI, chama cha watengenezaji wa silaha na risasi. Kiwanda kizuri hufanya kazi hiyo kwa uaminifu, ila huna shahidi wa tatu. Kwa bunduki mpya ya kiwanda kinachojulikana hilo halitunyimi usingizi. Kwa bunduki ya mkono wa pili ni jambo jingine: ukiona muhuri kwenye mwili na mtutu hauna, mtutu ule ulibadilishwa baada ya jaribio. Namba ya bolti isipolingana na ya mwili, bolti imetoka kwingine. Lolote kati ya hayo mawili, usiipige mpaka ipimwe nafasi ya chemba, yaani nafasi inayobaki kwa risasi bolti ikiwa imefungwa (tazama Hatua ya 8).

Hatua ya 5: Angalia kiwanda kilifanya nini kilipokosea

Kila kiwanda kikubwa kimewahi kuharibu. Tofauti ni kasi na uwazi. Sako walitoa mitutu ya chuma kisichoshika kutu iliyopasuka, chanzo kikiwa chuma chenyewe kilichotoka kwa msambazaji. Mwaka 2004 wakaiita irudi kiwandani. CZ walizindua CZ 600 mwaka 2021, na mwaka uliofuata wakawaambia wenye nazo waache kuzipiga mara moja, wazirudishe. Hiyo inauma ukiwa mteja, lakini ndivyo kiwanda kinachojiheshimu kinavyofanya. Kifyatulio cha zamani cha Remington 700 kiligombewa mahakamani kwa miaka mingi kwa madai kwamba bunduki ililia bila kidole kugusa, mpaka makubaliano ya kubadilishiwa wateja bure yakafikiwa. Hata kifyatulio kipya kilichokuja kuchukua nafasi yake kiliitwa kirudi mwaka 2014, kwa bunduki zote zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006 hadi Aprili 2014.

Kwa hiyo chukua namba ya mwili wa bunduki unayoitaka, ingia tovuti ya kiwanda, tafuta ukurasa wa usalama, weka namba. Dakika tano. Kiwanda ambacho hakina ukurasa kama huo, au ambacho barua pepe yako ya Kiingereza cha kawaida haijibiwi ndani ya wiki mbili ukiwa bado ni mteja mtarajiwa, kitakujibu lini ukishalipa?

Hatua ya 6: Ukucha au kindoano

Bolti za mtindo wa Mauser zina ukucha mrefu unaoikamata risasi kitakoni pindi inapotoka magazini na kuishika mpaka ganda linarushwa. Bolti za kusukuma zina kindoano kidogo kinachoikamata risasi mwishoni kabisa, bolti inapofunga. Kwenye shabaha ya karatasi huoni tofauti. Kwa nyati aliyejeruhiwa unaiona hivi: mtu anasukuma bolti nusu, anashtuka, anairudisha, anasukuma tena. Kwa ukucha, risasi ya kwanza inarudi na bolti na kutupwa nje. Kwa kindoano, ya kwanza imebaki chemba bila kushikwa, na ya pili inaigonga kwa nyuma. Bunduki imekwama, na mnyama hajakwama.

Winchester Model 70 ya sasa, Ruger Hawkeye, Mauser M98, CZ 550 na Zastava M70 ya Serbia zina ukucha. Tikka T3x, Howa 1500, Remington 700 na Savage 110 ni za kusukuma. Kwa impala chukua yoyote; Tikka na Howa zinapiga vizuri kuliko bei yake. Kwa nyati tunashikilia ukucha, na Zastava, ingawa bolti yake inakwaruza kama mchanga mwanzoni, ndiyo njia ya bei nafuu ya kuupata. Itachukua risasi mia moja hivi na mafuta kidogo ilainike.

Hatua ya 7: Vipuri viingie na bunduki

Kipande kidogo kinaweza kufuata taratibu zile zile za bunduki nzima. Mtutu au bolti huwezi kuagiza kama unavyoagiza bearingi ya pikipiki. Njia rahisi ni kuorodhesha vipuri kwenye ombi la kwanza la kuingiza: pini ya kupigia moja na springi yake, ukucha au kindoano kimoja na springi, kirusha ganda na springi, springi ya magazini, na seti ya skrubu za mwili na za darubini. Kiwanda kisichouza vipande hivi kwa namba za orodha, kinachotaka bunduki nzima irudi Ulaya kwa springi tu, kiondoe.

Fundi naye. Mafundi wa Katwe, Kampala, wana mikono ya ajabu, lakini pini ya kupigia inataka chuma kilichopashwa na kupozwa kwa kipimo. Iliyochongwa kutoka msumari au bolti ya gari hupinda au hutoboa fataki (kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), na gesi ya baa elfu nne inakurudia usoni. Zaidi ya hayo, ukarabati wa silaha ni kazi yenye leseni. Na mtutu usiubadilishe kimya kimya: tangu agizo la 2018 la kuchukua alama za bunduki zote, alama zinazoachwa kwenye kichwa cha risasi na kwenye ganda ndizo utambulisho wa silaha yako kwa polisi. Mtutu mpya au pini mpya hubadilisha alama hizo. Ripoti kwanza.

Hatua ya 8: Ukaguzi mezani, kabla ya kusaini

Hakikisha ni tupu: toa magazini, fungua bolti, tia kidole chemba. Kisha beba risasi bandia nne za kaliba ile ile, zisizo na baruti wala fataki. Bila hizo hujafanya ukaguzi.

Jaza magazini. Ingiza na toa polepole zote nne, kisha kwa nguvu na haraka, kisha bunduki ikiwa imelala ubavu wa kulia, kisha wa kushoto. Risasi inayoruka kabla ya bolti kufika, au inayogonga ncha kwenye ukingo wa chemba, inaonyesha midomo ya magazini haikuchongwa sawa. Ganda litupwe mbali ukivuta kwa nguvu na lidondoke karibu ukivuta taratibu. Bila risasi yoyote, pima ndani ya magazini ya .375: ibaki nafasi ya milimita moja au mbili juu ya 91.4.

Sasa kifyatulio, bunduki ikiwa tupu kabisa. Tega, weka kizuizi cha usalama, vuta kifyatulio kwa nguvu, achia, subiri, kisha ondoa kizuizi. Pini ikianguka wakati unaondoa kizuizi, rudisha bunduki kwa muuzaji, usiombe marekebisho. Rudia mara kumi. Tega tena bila kizuizi, pigapiga kitako kwa nyundo ya mpira, halafu funga bolti kwa kishindo mara kadhaa. Isianguke hata mara moja. Uzito wa kuvuta wa kilo moja na nusu hadi mbili ni mzuri kwa uwindaji. Kifyatulio chepesi kuliko hapo ni cha watu wa shabaha.

Nafasi ya chemba hupimwa kwa geji mbili. Bolti lazima ifunge juu ya geji ya kupita, kwa vidole viwili tu, na ikatae geji ya kutopita. Ikiipokea hiyo ya pili, chemba ni ndefu kupita kiasi: ganda litanyooka kila upigapo, utaona pete inayong'aa juu kidogo ya kitako chake, na siku moja litakatika hapo.

Kwa bunduki ya ubao, fungua skrubu na uutoe mwili. Angalia ubao nyuma ya kigingi cha mshindo (jino la chuma chini ya mwili linalopokea mshindo) na nyuma ya mkia wa mwili. Ufa mwembamba kama unywele sehemu hizo, kwenye .375, utakuwa mpasuko baada ya boksi mbili. Karibu na ziwa ubao hunywa unyevu, huvimba na kusukuma mtutu pembeni. Noti ya shilingi ipite huru kati ya ubao na mtutu tangu ncha mpaka karibu na chemba. Kwa mvua zetu, mtutu usioshika kutu na kitako cha plastiki ngumu hupungukiwa na sura tu.

Mwisho, tazama mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuzia. Ukingo wa ndani uwe mviringo safi. Kijikovu kimoja hapo kinapeleka risasi pembeni kuliko kasoro yoyote ya ndani.

Hatua ya 9: Risasi arobaini za kwanza

Fanya kazi hii kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, na risasi za boksi mbili zenye namba moja ya toleo. Anza mita 25 mpaka kichwa kifike unapolenga, ndipo uende 100. Mafungu ya risasi tatu, mtutu ukipoa katikati. Bunduki mpya ya .308 au .30-06 iweke fungu ndani ya milimita 40; kwa .375, milimita 50 hadi 60 ni nzuri, na nyati hajui tofauti. Baada ya fungu la pili kaza tena skrubu za darubini, kwa sababu mshindo wa .375 unazilegeza hata zilizofungwa vizuri. Kifuniko cha chini cha magazini kikijifungua kwa mshindo, andika.

Kagua kila ganda. Fataki iliyotoboka, kitako chenye alama ya kung'aa ya kirusha ganda, au bolti inayohitaji kugongwa ili ifunguke, ni dalili za shinikizo kubwa: simama. Wakati mwingine chanzo ni risasi zilizoachwa kwenye dashibodi ya gari zikapata joto, siyo bunduki, kwa hiyo rudia siku nyingine na zilizokaa kivulini kabla hujalaumu kiwanda. Bunduki ikishindwa kuingiza au kutoa mara moja kati ya arobaini, kwa nyati haijafuzu.

Piga picha za shabaha, namba ya mwili na namba ya toleo la risasi, zitume kwa kiwanda pamoja na fomu ya dhamana wiki hiyo hiyo, na maganda matatu yafungie kwenye bahasha yenye tarehe.